Chakula cha usiku katikati ya wiki: kipi kipikwe Jumamosi, kipi kisubiri jioni

Katika nyumba ya Dar es Salaam ambayo wazazi wote wanatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, chakula cha usiku kinakwama kwa jambo moja: maharage kubandikwa saa 1 na nusu. Mpishi awe hodari namna gani, sufuria hiyo haitaiva kabla ya saa 4. Watoto watakuwa wameshalala na mkate na chai, au pesa ya matumizi ya kesho itakuwa imekwenda kwenye chipsi mayai.

Mapishi yetu ya kila siku yana vitu vya mwendo wa aina mbili. Maharage, nyama yenye mifupa, kisamvu, nazi na rosti ya nyanya vinataka muda, lakini havidhuriki vikitunzwa vizuri. Kisamvu cha jana huwa kitamu kuliko cha leo. Ugali, wali, mchicha na matembele ni vya dakika chache, na hivyo ndivyo vinavyotaka kuliwa vikiwa vimeepuliwa sasa hivi. Basi vitenganishe. Vya mwendo mrefu vimalizwe Jumamosi kwa saa 3 hivi, vya mwendo mfupi vibaki vya jioni. Hapo jioni ya kawaida itachukua dakika 35 hadi 40 tangu kuwasha jiko hadi kupakua.

Vipimo vyote vilivyo hapa ni vya watu 6, watu wazima 3 na watoto 3. Utahitaji jiko la gesi la plate mbili, friji yenye friza hata ndogo, na makopo 10 yenye mifuniko, ya nusu lita hadi lita moja. Jiko la presha la umeme si lazima, ila kwa familia inayokula maharage mara mbili kwa wiki tunalipendekeza kabla ya kifaa kingine chochote cha jikoni. Maharage ya wiki nzima yanaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme wa Luku, na gesi inabaki kwa kazi nyingine.

Kupanga siku

Usianze na "tule nini?" Anza na nani anarudi saa ngapi. Andika siku tano kwenye karatasi na pembeni ya kila siku andika kinachoichelewesha: masomo ya ziada ya mtoto, mazoezi ya kwaya, kikao cha mwisho wa mwezi, zamu ya usiku. Siku nzito kuliko zote ipewe chakula chepesi kuliko vyote kupika. Baada ya hapo ndipo upange vyakula, ukifuata kanuni moja: kinachoharibika haraka kiliwe mapema.

Kwa hiyo samaki wa Jumamosi au Jumapili ni wa Jumatatu, si wa Alhamisi. Mchicha na matembele ni vya Jumatatu na Jumanne. Nyama iliyochemshwa inafaa Jumanne. Jumatano ni ya maharage kutoka friza, kwa sababu hayana haraka. Alhamisi ni ya dagaa wakavu na kabichi, vitu ambavyo vingeweza kukaa hata wiki nyingine. Ijumaa, familia nyingi zinapenda kitu chenye heshima kidogo: wali wa nazi na kisamvu, au chapati na maharage. Jumamosi usiku ni ya viporo, na isiwekewe mpango mwingine.

Ugali usiwe zaidi ya siku tatu kati ya tano kama watoto wanaulalamikia, lakini usijaribu pia kubadilisha kila kitu. Ratiba inayorudiwa wiki hadi wiki ndiyo inayomuwezesha kijana wa miaka 14 kuanza kupika bila kupiga simu kuuliza.

Maharage

Chambua kilo 1, osha, loweka Ijumaa usiku kwenye maji lita 3 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Watu wengi wameambiwa chumvi inafanya maharage yawe magumu. Kwenye maji ya kulowekea hufanya kinyume chake, inalainisha ganda. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Katika joto la Dar, yakipita hapo yanaanza kutoa povu na harufu ya kuchacha, kwa hiyo yaweke mahali penye ubaridi au ndani ya friji.

Asubuhi mwaga maji yale, osha tena, bandika na maji mapya yanayozidi maharage kwa upana wa vidole vitatu. Yaache yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hatua hii isirukwe, hasa kwa maharage mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo wa muda mrefu usiofikia kuchemka hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto, funika, na uyaache saa 1 hadi 1 na nusu. Kwenye jiko la presha yaliyolowekwa yanataka dakika 25 za presha, kisha yaachwe dakika 15 presha ishuke yenyewe. Usijaze zaidi ya nusu ya chungu chake. Maharage hutoa povu, na povu likiziba tundu la mvuke ni hatari.

Yakikataa kuiva, sababu kwa kawaida ni moja kati ya tatu. Huenda ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Hayo hata yakichemka nusu siku yanabaki na kiini kigumu, na dawa yake ni kubadilisha muuzaji. Huenda umeweka nyanya, ndimu au ukwaju kabla hayajaiva. Uchachu unazuia ganda kulainika, ndiyo maana kuunga kunakuja mwisho. Au unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi ya madini, ambayo si sawa na chumvi ya kulowekea, na nyumba nyingi za pembezoni mwa jiji zinayo hayo. Kwa maharage tumia maji ya bomba, ya mvua au ya kununua, hata kama kila kingine unapikia ya kisima. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Tuyaache kwa wenye maharage yaliyoshindikana.

Kilo 1 kavu inakupa kilo 2.3 hadi 2.5 zilizoiva. Gawa makopo mawili ya kilo moja moja pamoja na maji yake, na kinachobaki kiliwe Jumapili. Usiyaunge yote. Maharage yaliyochemshwa tu yanaweza kuwa ya nazi Jumatano na ya kukaanga na hoho Ijumaa. Yaliyoungwa tayari yana ladha moja tu.

Rosti ya nyanya

Hii ndiyo inayookoa jioni. Kukata vitunguu, kukaanga, kusubiri nyanya ziive: hapo zinapotea dakika 30 kila siku, mara tano kwa wiki. Ifanye mara moja.

Chukua nyanya zilizoiva kilo 3, vitunguu maji kilo 1, vitunguu saumu vichwa 2, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, karoti 4, pilipili hoho 3, mafuta robo lita, na chumvi vijiko 2 vya chai. Kwaruza nyanya kwenye kikwaruzio, maganda yabaki mkononi. Ukizisaga kwa blenda zitajaa hewa, zitakuwa na rangi ya waridi na zitachelewa kukauka. Kama huna budi, saga kwa sekunde chache tu.

Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 12 hadi 15, mpaka vilegee na kuanza rangi ya dhahabu. Wengi wanakosea hapa. Vitunguu vikiongezewa nyanya vikiwa bado vyeupe haviivi tena sawasawa, na mchuzi unabaki na ladha ya kitunguu kibichi hata Alhamisi. Weka saumu na tangawizi iliyotwangwa, koroga dakika moja, kisha karoti zilizokwaruzwa na hoho. Mimina nyanya. Acha bila kufunika dakika 40 hadi 50, ukikoroga kila mara, zaidi kuelekea mwisho kwa sababu inashika chini. Imeiva pale mafuta yanapopanda juu na kujitenga, na ukipitisha mwiko katikati njia inabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga.

Usiweke binzari, mdalasini wala pilipili manga. Viungo ni vya siku ya kupika, ili rosti ileile iende kwa dagaa, kwa nyama na kwa maharage bila kufanana. Utapata karibu lita 2, yaani makopo 5 ya kikombe kimoja na nusu. Mawili yakae kwenye friji kwa Jumatatu na Jumanne, matatu yaende friza.

Nyama, samaki, kisamvu, nazi

Nyama ya mchanganyiko kilo 1 na nusu: osha, weka chumvi, tangawizi na ndimu nusu, funika na iache itoe maji yake kwanza, kisha ongeza maji ya moto ya kuifunika. Saa 1 hadi 1 na nusu kwa gesi, dakika 30 hadi 35 kwa presha. Kama ni nyama ya ng'ombe mzee, kipande cha papai bichi kama kiganja cha mtoto kinasaidia. Itunze ndani ya supu yake. Ikitenganishwa na supu inakauka na kuwa nyuzi nyuzi ikipashwa. Kilo hiyo na nusu ni mlo wa Jumanne pamoja na kopo moja la akiba friza, na hilo litakufaa wiki utakayokuwa na mgeni au ndizi za kupika.

Samaki atolewe utumbo, aoshwe na akaangwe siku hiyohiyo aliyonunuliwa. Jambo hili ni zito zaidi kwa vibua na jodari. Wakiachwa kwenye joto, hata kwenye gari la kurudi kutoka soko la samaki la Feri kwa muda wa saa mbili bila barafu, hutengeneza sumu inayoleta uso kuwaka, vipele na moyo kwenda mbio, na kukaanga hakuiondoi. Beba ndoo yenye barafu. Samaki aliyekaangwa akauke vizuri anakaa friji siku 2.

Kisamvu nunua kilichotwangwa tayari. Kichemshe kwa maji mengi bila kufunika sufuria, saa nzima au zaidi, mpaka harufu ya majani mabichi iishe na kiwe laini mdomoni. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na ni kule kutwanga na kuchemsha kwa muda kunakoitoa. Kisamvu cha haraka haraka hakipo. Baada ya hapo gawa na gandisha bila nazi wala karanga. Ukiamua kuweka karanga siku ya kula, vijiko 5 vikubwa vya karanga zilizosagwa vinatosha, zikorogwe na maji baridi kwanza, zichemke dakika 10. Chagua karanga zisizo na ukungu wala uchungu. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto.

Nazi 3 zilizokunwa kwa mashine sokoni zinatosha wiki. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja na nusu cha maji vuguvugu, chuja, kisha tui jepesi kwa vikombe 4. Yote yanagandishwa vizuri, zito kwenye vikopo vya kikombe kimoja. Likiyeyuka litaonekana limejitenga. Halijaharibika, koroga tu.

Chapati ni kazi ya hiari. Kilo 1 ya unga wa ngano, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko 4 vikubwa, maji vuguvugu kama nusu lita na kidogo, zinatoka 14 hadi 16. Zipike nusu kwenye kikaango kikavu, kila upande nusu dakika bila mafuta, zipoe, zipangwe kwa kutenganishwa na karatasi ya nailoni safi, friza. Siku ya kula zinakaangwa na mafuta moja kwa moja kutoka kwenye baridi. Kama mama wa jirani anapika nzuri, nunua kwake. Vivyo hivyo kwa maharage yaliyochemshwa yanayouzwa sokoni jioni: yachemshe upya dakika 10, unga kwa rosti yako, na usijilaumu.

Mpangilio wa saa tatu

Mambo haya yote yanaonekana mengi yakiandikwa, lakini mengi yanajipika. Saa 3 asubuhi bandika maharage kwenye presha na nyama kwenye gesi. Zikiwa motoni, kwaruza nyanya na kata vitunguu. Saa 4 kaanga rosti kwenye sufuria pana upande wa pili wa jiko. Maharage yakitoka, nyama nayo inakaribia, kisamvu kinachukua nafasi yake. Nazi inakamuliwa wakati rosti inakauka. Kufikia saa 6 unapoza na kugawa. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuchambua maharage Ijumaa na kutoa vichwa vya dagaa Jumamosi. Wa miaka 12 anakwaruza karoti na kuandika lebo. Baba aende sokoni au ashike mwiko wa rosti, kimoja kati ya hivyo.

Kupoza na kutunza

Chakula kikubwa kikiachwa kwenye sufuria kinapoa nje huku katikati kikibaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu vinapostawi. Gawa kikiwa bado cha moto kwenye makopo mafupi na mapana, weka makopo kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara moja au mbili. Ndani ya saa 2 kiwe friji. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, Dar inapopita nyuzi 30, hesabu saa 1.

Friji iliyojazwa mpaka mlangoni haipoi. Acha nafasi ya hewa kati ya makopo. Kwenye friji maharage, nyama na rosti hesabu siku 3 hadi 4. Kwenye friza miezi 2 hadi 3. Usigandishe chakula chenye viazi, vinakuwa kama sifongo. Kila kopo liwe na jina na tarehe, kwa sababu rosti na supu iliyoganda huwezi kuzitofautisha kwa macho asubuhi ukiwa na haraka.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inabaki imeganda karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4 tu. Kwa sababu hiyo friza yenye nafasi ijazwe chupa za maji; zikiganda zinashika baridi. Nyama ikikutwa bado ina barafu ndani, inaweza kurudishwa. Ikishalainika na kuwa vuguvugu, kupika upya hakuokoi.

Jioni yenyewe

Kazi ya jioni inaanza asubuhi kabla ya kutoka: hamisha kopo la leo kutoka friza kwenda chini ya friji. Lisiachwe mezani, saa 12 mezani katika joto letu ni chakula cha kumwaga. Ukisahau, rosti inaweza kuingia kikaangoni ikiwa jiwe pamoja na robo kikombe cha maji, dakika 8 imeyeyuka. Maharage yaliyoganda weka kopo kwenye maji baridi dakika 40, kisha yapashwe taratibu.

Jioni ya ugali na dagaa inakwenda hivi. Anayefika wa kwanza, awe nani, anabandika lita 2 za maji, anafunika. Huo ndio msingi wa mwendo wote, kwa sababu maji ya ugali yanachukua dakika 12 hadi 15 na hakuna sababu ya mtu kukaa kuyangoja. Wakati huo robo kilo ya dagaa, ambao vichwa vilitolewa Jumamosi, wanaoshwa kwa maji ya moto mara mbili tatu mchanga uishe, wanachujwa wakauke. Mafuta yapate moto sawasawa, dagaa dakika 4 hadi 5 mpaka walie wakikorogwa. Wakitiwa mafuta yakiwa bado baridi wanayanywa na kulegea. Mimina kopo la rosti, binzari kidogo, pilipili ya wapendao, dakika 6, ndimu mwisho.

Maji yakichemka, koroga kikombe kimoja cha unga kwenye maji baridi, mimina, koroga uji usiwe na madonge, uache uchemke dakika 5. Hapo ndipo ugali unapoivia. Ukiharakisha, unga unaoongezwa baadaye utabaki mbichi na ugali utanata mkononi. Ongeza unga kidogo kidogo, kwa jumla gramu 750 hadi 800 pamoja na ule wa uji, songa dakika 5 hadi 7 ukigandamiza pembeni, punguza moto, funika dakika 3. Dona inataka maji zaidi kidogo na dakika chache za ziada. Katika hizo dakika 3 kabichi nusu, iliyokatwa nyembamba na kutiwa motoni kwenye kikaango cha dagaa kilichoachwa na mafuta yake, inaiva bila kupoteza mkwaruzo wake.

Jioni ya wali, wali ndio unaotangulia. Vikombe 3 na nusu vya mchele, vioshwe, na kioevu vikombe 6 kwa jumla, tui jepesi na maji pamoja. Mchele mpya wa Kyela au Mbeya unataka kama kikombe kimoja pungufu; ukijua begi lako jipya, pika kipimo kidogo siku ya kwanza uone. Chumvi, chemsha, maji yakikaribia kukauka punguza moto kabisa, funika kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko, dakika 12. Maharage kwa wakati huo yanaungwa: kopo la rosti, kopo la maharage, yachemke mpaka katikati, kisha tui zito mwishoni kabisa. Tui likiingia usifunike, usiwashe moto mkali, koroga bila kuacha dakika 4 hadi 5. Likichemka kwa fujo linakatika, mafuta juu na maji chini. Ndimu ukiitaka ibaki mezani, isiingie sufuriani.

Mchicha ukatwe jioni hiyohiyo. Mafungu 4 yasiyooshwa, yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa kikavu, yanakaa friji siku 2 hadi 3. Yaliyokatwa mapema yanatoa maji na kuanza kuoza kesho yake. Osha kabla ya kukata, kaanga dakika 5 wazi. Ukifunika unageuka rangi.

Wali uliobaki uwe friji ndani ya saa 1, uliwe kesho, upashwe mpaka utoe mvuke kote, mara moja tu. Kiporo cha wali kilicholala mezani kinaweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo moto hauivunji, hata kama hakinuki. Watoto wasipewe asubuhi.

Nyumba isiyo na friji

Mpango unabaki, vyakula vinabadilika. Usichemshe maharage ya wiki. Tumia choroko, ambazo zikilowekwa asubuhi zinaiva kwa dakika 30 hadi 40, au dengu za kupasuliwa ambazo hazihitaji kulowekwa kabisa. Dagaa wakavu, karanga, vitunguu na kabichi zinakaa kabatini. Nyanya zinunuliwe fungu moja moja njiani. Mayai 8 ndani ya mchuzi mzito wa nyanya na hoho ni kitoweo cha dakika 20. Samaki na nyama viwe vya siku ya kununuliwa tu. Kama jiko ni la mkaa, liwashwe nje au kwenye baraza, na lisiingizwe ndani hata likionekana limezimika. Mkaa unaofifia bado unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Ijumaa usiku, baada ya kupakua, fungua friji na hesabu. Makopo yaliyobaki yapangwe mbele kwa ajili ya Jumamosi. Yaliyopita siku 4 yamwagwe. Kama kila wiki kopo la nyama linabaki, punguza nusu kilo sokoni. Kama rosti inaisha Jumatano, ongeza kilo ya nyanya. Kisha chambua maharage, yaloweke, funika beseni.